Harmonika na kinanda: mkono wa kulia upunguze maneno

Ukiwakuta watu wawili Kisumu wakijaribu blues, muziki wa Wamarekani weusi, mmoja na harmonika, ile ala ndogo ya mdomoni, na mwingine kwenye kinanda, mara nyingi utasikia watu wawili wanaosema kwa pamoja bila kusikilizana. Lawama huangukia harmonika, kwa kuwa ndiyo ngeni masikioni. Mimi naona kosa liko kwenye kinanda, hasa mkono wa kulia. Wapigaji wetu wengi wamelelewa kanisani, ambako kazi ya kinanda ni kujaza. Mhubiri akivuta pumzi, kinanda kinajaza. Kwaya ikimaliza mstari, kinanda kinajaza. Ni ujuzi mzuri mahali pake. Kwenye blues ya watu wawili, ujuzi huohuo unamnyima mwenzako pa kukaa.

Chukua harmonika ya matundu kumi, ya kii ya C, yaani iliyopangwa kwa ngazi ya C. Nota yake ya chini kabisa, tundu la 1 kwa kupuliza, ni ileile C ya katikati ya kinanda. Mpiga blues huzunguka zaidi tundu la 1 hadi la 6, yaani kutoka C hiyo hadi A iliyo chini kidogo ya oktavu mbili juu yake (oktavu ni umbali wa C hadi C inayofuata). Sasa tazama mahali mkono wa kulia wa mpiga kinanda unapopenda kukaa. Ni palepale. Hata mkipunguza sauti ya spika, bado mtakuwa wawili katika kiti kimoja.

Kabla ya dawa, tuelewane kuhusu kii. Harmonika ya C hupiga blues ya G, si ya C. Ukivuta pumzi kwenye matundu manne ya kwanza unapata D, G, B, D, ambayo ni kodi ya G tayari, yaani nota za G zinazolia pamoja, na nota za kuvuta upande huo wa chini ndizo zinazokubali kukunjwa, yaani kushushwa kwa mdomo. Kwa hiyo mpiga kinanda akitaka kii ya A, mwenzake ashike harmonika ya D. Akitaka E, ashike ya A. Akitaka C, ashike ya F. Wenye harmonika moja tu ya C wapige G, basi. Kitufe cha kinanda cha kuhamisha kii hakiwasaidii hapa, maana kinanda kikihama harmonika inabaki ilipokuwa. Na anayekwenda kununua aangalie matundu: yakiwa mawili mawili, safu juu na safu chini, hiyo ni ya tremolo. Kila nota ina ndimi mbili, vile vipande vyembamba vinavyotoa sauti, zilizotofautishwa kidogo ili sauti itetemeke, na haikunjiki kama blues inavyotaka. Aiache dukani.

Dawa yenyewe ni vidole viwili. Kwenye kodi ya G7, mkono wa kulia ushike F iliyo chini ya C ya katikati, pamoja na B inayoifuata juu. Hakuna kingine. Kodi ikigeuka C7, vidole vyote viwili vishuke nusutoni moja, yaani kibonyezo jirani, cheupe au cheusi: E na B flati. Ikifika D7, vidole vipande juu nusutoni moja kutoka pale pa mwanzo: F shapu na C. Kodi tatu za blues nzima zinapatikana bila mkono kuvuka C ya katikati, na uwanja wote wa juu unabaki wa harmonika. Mpiga kinanda akitaka kujibu, aruke hadi oktavu ya mwisho kulia, apige nota tatu au nne, arudi chini. Otis Spann, aliyepiga piano katika bendi ya mwimbaji wa blues Muddy Waters kule Chicago miaka ya 1950 na 1960, ni mwalimu mkubwa wa jambo hili. Msikilize anavyocheka huko juu kabisa harmonika inapopumua, kisha anavyotoweka inaporudi.

Mkono wa kushoto, kwenye kinanda cha vibonyezo 61, uanzie G ya kwanza kutoka kushoto: G na D pamoja, kisha G na E pamoja, kwa kubadilishana kila pigo. Kwa C7 shuka hadi C ya mwisho kabisa kushoto, uipe G kisha A. Kwa D7 tumia D iliyo jirani yake, uipe A kisha B. Ukipiga C na D za oktavu ya juu yake, mikono yako yenyewe itagombana na besi itapwaya. Pedali iache, kwenye shafo, ule mwendo wa blues wa kuchechemea, pedali ni matope.

Mzunguko ni mafungu 12 ya mapigo manne: manne G7, mawili C7, mawili G7, moja D7, moja C7, na mawili ya mwisho G7 yanayomalizikia D7 ili kurudi mwanzo. Hilo hujifunzwa jioni moja.

Lakini harmonika nayo ina mitego miwili ndani ya mzunguko huo, na yote inasikika vibaya zaidi kukiwa na kinanda kuliko ukipiga peke yako. Wa kwanza ni tundu la 3. Ukilivuta bila kulikunja unapata B. Kinanda kikiwa kwenye C7 kinapiga B flati, na nusutoni hiyo inakwaruza mpaka msikilizaji asiyejua muziki anageuka. Fungu la tano na la sita ndipo mnaponaswa. Kunja tundu la 3 nusutoni, au likwepe kabisa, kaa kwenye tundu la 4 kwa kupuliza. Mtego wa pili ni tundu la 5 kwa kuvuta, yaani F, wakati kinanda kiko D7 chenye F shapu. Ukipita juu yake haraka kuna utamu. Ukiishikilia ni kosa. Kwenye fungu la tisa kimbilia tundu la 1 au la 4 kwa kuvuta, yote mawili ni D, au vuta tundu la 2 lililokunjwa nusutoni upate F shapu yenyewe.

Kuna nota nyingine ambayo kinanda hakiwezi kuipiga hata kikiombwa. Tundu la 3, kwenye kodi ya G, mpiga harmonika mzuri halipeleki B wala B flati, huliweka katikati. Huo ndio moyo wa blues. Mtu aliyekulia karibu na orutu, fidla ya Waluo, haelezwi jambo hili mara mbili, kwa sababu uzi mmoja wa orutu huteleza siku zote katikati ya vibonyezo. Sasa, harmonika ikikaa hapo, mpiga kinanda aiondoe B yake. Apige F na G tu, au aachie mkono wa kushoto peke yake. Akiendelea kugonga B, anamsahihisha mwenzake hadharani, na mwenzake hakukosea.

Mwendo ndio unaonipa matumaini na wanamuziki wa huku kwetu. Watu wawili bila ngoma wanahitaji mmoja awe ngoma. Mpiga nyatiti amefanya hivyo tangu zamani: nyuzi nane mikononi, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu akigonga mbao ya ala yake. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ni oduong'o. Haujazi, haupambi, hauongezi kasi solo inapopamba moto. Hapo mazoea ya benga yanaweza kuwaponza, kwa kuwa benga hukaza na kupanda kuelekea mwisho, lakini shafo ya mapigo 110 kwa dakika inatakiwa iishe kwa 110. Weka metronomu kwenye 55 na uhesabu mlio wake kama pigo la pili na la nne. Wiki ya kwanza ni ngumu. Benga hiyohiyo, kwa upande mwingine, imetufundisha gitaa kumjibu mwimbaji, na blues inataka hilo hasa: mafungu mawili ya kusema, mawili ya kujibiwa.

Kutuni nako kuna mambo. Harmonika nyingi hutuniwa kiwandani juu kidogo ya A ya hezi 440, mara nyingi karibu 442, kwa sababu pumzi huishusha. Kinanda cha umeme kina mahali pa kusogeza kutuni. Kisogeze kuifuata harmonika. Piano ya mbao iliyokaa miaka mingi kwenye ukumbi karibu na ziwa bila fundi ni habari nyingine. Ikishuka senti 30 (senti 100 ni nusutoni moja) hakuna la kufanya siku ya onyesho, kwa hiyo nenda ukaipime mapema. Na kabla ya kulaumu chombo, pima mdomo: tundu la 2 kwa kuvuta na tundu la 3 kwa kupuliza ni G ileile. Kama la 3 linalingana na kinanda na la 2 liko chini, unalikunja bila kujua. Legeza taya, vuta taratibu.

Kwa joto na unyevu wa Kisumu ningechagua harmonika yenye mwili wa plastiki kama Special 20. Mbao ikinyonya mate huvimba na kukata midomo. Nakuru shida ni baridi ya asubuhi: pumzi ya moto hugeuka maji kwenye ndimi za shaba na nota zinakwama. Ipashe mkononi dakika tano kwanza. Soda na mandazi kabla ya kupiga, hapana. Sukari hugandisha ndimi.

Msitumie spika ya Bluetooth kwa kinanda. Sauti huchelewa, mpigaji anaanza kukimbiza kidole chake mwenyewe, na harmonika inaonekana ndiyo iliyopotea. Tumia waya. Harmonika ipewe maikrofoni ya kawaida ya kuimbia, umbali wa kiganja kimoja.

Zamu ya kinanda kupiga solo ikifika, harmonika isinyamaze kabisa, ila ishuke iwe kinanda kidogo. Kwenye G, vuta matundu manne ya kwanza kwa kukatakata, pigo la pili na la nne. Kwenye C, pulizia hayohayo. Kwenye D7 hamna kodi kamili kwenye harmonika hii, kwa hiyo funika tundu la 2 na la 3 kwa ulimi, uvute la 1 na la 4: D mbili, oktavu safi. Mpiga kinanda sasa anaruhusiwa kuvuka C ya katikati, na mkono wake wa kulia useme chochote ulichokuwa umekibana.