Grand Canyon si ya kutazama kwenye kioo cha gari

Ndugu zangu wa Dar wakipanga kuja kutembea kwenye makorongo ya jangwani huku Marekani, ratiba wanazonitumia zinafanana kama mapacha: kutua Las Vegas, Jumatatu Zion, Jumanne Bryce Canyon, Jumatano Arches, Alhamisi Grand Canyon, Ijumaa ndege. Jibu langu ni moja: punguzeni. Hiyo ni safari ya dereva, abiria wataona lami.

Ramani ya huku inadanganya. Grand Canyon, kutoka ukingo wa kusini hadi wa kaskazini, ndege wa angani anaruka kama kilomita 16. Kwa gari ni zaidi ya 340, maana lazima ulizunguke korongo lenyewe.

Na saa nazo! Mwezi Mei nilikuwa na mama mdogo, tukatoka Page, Arizona, saa mbili asubuhi. Nikapiga hesabu: saa nne tuko Zion. Tulifika saa tano. Jimbo la Utah, iliko Zion, husogeza saa mbele majira ya joto, Arizona haisogezi, na ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili, iliyomo humo humo Arizona inasogeza. Maegesho yalikuwa yameshajaa, na bila kuegesha hupandi basi la bure la hifadhi, wakati karibu mwaka mzima magari binafsi hayaruhusiwi kuingia korongoni. Mama mdogo, ambaye saa yake ya mkononi haijawahi kutoka Dar, alicheka sana.

Kwa hiyo ukiniuliza, chagua hifadhi mbili, na moja uishuke kwa miguu. Nenda Aprili, Mei au Oktoba. Julai na Agosti chini ya Grand Canyon joto hupita nyuzi 40, na mvua iliyonyesha mbali huweza kukuletea mafuriko kwenye korongo jembamba huku juu yako jua linawaka. Bryce, beba sweta. Iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na usiku wa Mei maji huganda.

Sisi, kabla ya kufika Zion, tulishuka Grand Canyon kwa njia ya miguu ya South Kaibab hadi mahali paitwapo Cedar Ridge, kilomita mbili na nusu hivi. Njia nzima hakuna bomba la maji, unakunywa ulichobeba. Katikati tukapishana na msafara wa nyumbu (wa kubeba mizigo, si wa Serengeti), tukabana upande wa mlima mpaka wapite, vumbi jekundu limetujaa hadi kwenye soksi. Pale Cedar Ridge mama mdogo alikaa juu ya jiwe, akamenya chungwa, akaanza kuhesabu kwa kidole matabaka ya miamba ng'ambo: jeupe, jekundu, la kijani kijani. Alirudia mara tatu, kila mara idadi tofauti.

Kushuka tulitumia saa moja. Kupanda, mbili na ushee. Alipofika juu alikunywa maji, akafuta jasho kwa khanga, akaniuliza, "Hiyo Zion yako, mwanangu, ni lazima?"