Joe Frazier Mnamweka Nyuma Mno

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Kabwe na Mwanjelwa hapa Mbeya, ubishi wa ngumi za uzito wa juu haupoi hata baridi ya Julai ikizidi. Na siku hizi unamalizwa na sifuri, yaani nani hajapoteza pambano hata moja. Rocky Marciano kapanda ulingoni mara 49, kashinda 49. Oleksandr Usyk wa Ukraine hajapigwa na mtu katika ngumi za kulipwa. Imetoka hiyo. Ukimtaja Joe Frazier, bingwa wa zamani wa Marekani, kati ya wakubwa wa uzito huo, unajibiwa kwamba huyo alipigwa na Muhammad Ali, akaja kuangushwa mara sita na George Foreman ndani ya raundi mbili pale Kingston mwaka 1973. Linaniuma, maana wanaosema hivyo wengi ni watu wanaoipenda ngumi kweli.

Rekodi yake ni hii: mapambano 37, ushindi 32, kati ya hizo 27 kwa KO (mpinzani kashindwa kuendelea), sare moja, kupoteza manne. Katika hayo manne, mawili ni ya Ali na mawili ni ya Foreman. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kumpiga Frazier katika ngumi za kulipwa.

Marciano namheshimu. Lakini Joe Louis, ambaye Marciano alimpiga mwaka 1951, alikuwa na miaka 37, ameshastaafu na kurudi, na Jersey Joe Walcott, ambaye Marciano alimnyang'anya mkanda mwaka uliofuata, alikuwa na 38. Sifuri ya Usyk naiona nzito zaidi, kwa sababu ndani yake kuna Anthony Joshua mara mbili, Tyson Fury mara mbili na Daniel Dubois mara mbili.

Sisi wa Mbeya tulipaswa kulielewa hili mapema. Msimu wa 2013/14 wa Ligi Kuu ya soka, Azam walichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, lakini hapa kwetu kinachosimuliwa mpaka leo ni Mbeya City, waliopanda daraja na kumaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza. Tunajua walikutana na nani na walitoka wapi.

Frazier alitoka shambani. Alizaliwa Beaufort, South Carolina, katika familia ya wakulima maskini, baba yake akiwa na mkono mmoja tu mzima. Alipokuwa mtoto aliumia mkono wa kushoto akikimbizwa na nguruwe, na kwa kuwa haukutibiwa, haukunyooka vizuri tena maisha yake yote. Huohuo ndio mkono uliokuja kuogopwa na dunia nzima.

Machi 8, 1971, Madison Square Garden, New York. Ali hajapoteza pambano, Frazier hajapoteza pambano. Raundi ya 15, ngumi ya kushoto ya pembeni inamkuta Ali kwenye taya, Ali anakwenda chini. Aliinuka haraka, na kuinuka kule kunaonyesha alikuwa mtu wa namna gani, lakini majaji wote walimpa Frazier. Wapo wanaosema Ali alikuwa na kutu, amekaa nje zaidi ya miaka mitatu baada ya kunyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda jeshini. Ni kweli alikaa nje. Ila kabla ya usiku ule alikuwa ameshamsimamisha Jerry Quarry, kisha akamsimamisha Oscar Bonavena katika raundi ya 15. Kutu gani inayompeleka mtu umbali huo?

Na katika miaka ile ya kufungiwa, Frazier ndiye aliyemsaidia Ali pesa na kumsemea arudishiwe leseni. Ali akamlipa kwa kumwita sokwe na kibaraka wa wazungu mbele ya dunia. Aliomba radhi mwaka 2001. Nampenda sana Ali, lakini hapo alikosea vibaya.

Manila, Ufilipino, Oktoba 1, 1975, Frazier na Ali tena. Jicho la kulia la Frazier limefumba kwa ngumi, na la kushoto lilikuwa na tatizo la kuona tangu zamani. Kocha Eddie Futch akakataa kumruhusu atoke kwa raundi ya mwisho, mwenyewe akitaka kuendelea. Ali, aliyeshinda, ndiye aliyesema kwamba hajawahi kukaribia kifo kama siku ile.

Hoja ya Foreman inahitaji kutazamwa kwa mitindo ya kupigana, maana anayempiga huyu si lazima ampige yule. Ken Norton alimvunja Ali taya na kumshinda mwaka 1973. Foreman akammaliza Norton raundi ya pili. Ali akamwangusha Foreman Kinshasa, raundi ya nane. Frazier alipigana akiinama na kusonga mbele, na Foreman alikuwa na ngumi nzito za kutoka chini zinazomngoja hasa mtu wa namna hiyo.

Hadhi ya Ali nje ya ulingo sibishani nayo. Februari 1980 Rais Carter alimtuma mpaka Dar es Salaam kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Ni bondia gani mwingine angetumwa kazi kama hiyo?

Kwangu basi ni Ali, Louis, halafu Foreman kwa sababu alirudi akachukua mkanda tena mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Wa nne ni Frazier, mbele ya Larry Holmes, mbele ya Marciano na 49 zake.