Walimuuliza ana wafuasi wangapi

Kijana wa dada yangu alishuka stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, Jumanne saa nne usiku, ametoka Dar, begi mgongoni na mfuko wa koti mkononi. Nilimfuata mwenyewe.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba. Pole na safari."

Hakusema neno jingine mpaka tulipofika Mkuyuni. Hapo ndipo aliponiambia, anaangalia dirishani: "Mama, hata kuniona nikiigiza hawakuniona."

Alikuwa amekwenda kwenye usaili wa tamthilia ya runinga. Zaidi ya kilomita 1,100 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa nauli niliyompa mimi. Mezani walikaa watu watatu. Mmoja akamuuliza jina, mwingine akamuuliza ana wafuasi wangapi mtandaoni. Akajibu mia nne na kidogo. Wakaandika, wakamwambia asante, tutakupigia. Alikuwa amekariri kipande cha dakika nne na koti lake la kuchezea alikuwa nalo, na mfuko ule haukufunguliwa.

Sitawataja, maana nikiwataja mtadhani ni hao peke yao. Vijana wengine wawili wa kundi lake wameshaulizwa swali hilo hilo katika meza nyingine. Sasa siku nne nzima nimekuwa nikilifikiria swali lile huku nashona, na kila nikilifikiria nazidi kukasirika, kwa hiyo leo naandika.

Huyu mtoto ana miaka 22. Alianza kidato cha pili, akapewa nafasi ya mlevi kwenye igizo la shule, akacheza mlevi mpaka mwalimu wa zamu akaja kunusa pumzi yake. Baada ya hapo akajiunga na kundi la vijana wanaofanya mazoezi Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi huku Igoma. Wanasogeza madawati ukutani, wanachora makunyanzi kwa masizi ya mkaa, na mavazi nawashonea mimi kwa vitambaa vinavyobaki kwa wateja. Miaka mitano sasa. Hakuna anayewalipa isipokuwa posho pale mradi wa afya unapowaita wakaigize kwenye mialo, kule ufukweni wavuvi wanakopandisha mitumbwi.

Hiyo mialo ndiyo chuo alichosoma huyu mtoto. Anayeijua kazi ya dagaa anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani na kambi nzima inakaa nchi kavu. Basi makundi ya maigizo huenda visiwani siku hizo za mwezi mpevu, kwa sababu ndizo siku wavuvi wapo, na mwezi wenyewe ndiyo taa ya jukwaa. Maikrofoni hakuna. Upepo wa ziwa unakupiga usoni na unarudisha maneno yako nyuma yako. Mbele yako wamekaa watu ambao hawakulipa kiingilio na wanaweza kuondoka wakati wowote wakaenda kulala au kunywa. Ukiwachosha wanakuambia papo hapo.

Nilifuatana nao mara moja, kwa ajili ya mavazi. Mwanangu alicheza mzee ambaye mwanawe alizama na hajaopolewa, na kila jioni anashuka mwaloni kuuliza mitumbwi inayorudi. Alilivaa koti lile la kijivu, kubwa kuliko yeye, bega la kushoto limeshuka, shingo imeinama upande. Ile shingo nilijua alikoitoa. Wiki tatu alikuwa akienda Mwaloni Kirumba asubuhi kuwaangalia wazee waliobeba magunia ya dagaa tangu ujana wao. Hata wakiwa wamekaa tu wanakunywa chai, hawana mzigo wowote, shingo zao zinabaki zimelala upande mmoja, kana kwamba gunia bado lipo. Alikuwa akikaa kwenye benchi anakunywa chai nao, anarudi nyumbani, anasimama mbele ya kioo kilicho pembeni ya cherehani yangu, shingo upande, mpaka namuuliza kama ameumia.

Katikati ya igizo, pale mzee anapokaa chini mchangani na sauti imemkauka, bibi mmoja aliinuka kutoka kwenye watu. Alikuwa na bakuli la maji. Akapita katikati ya watoto, akainama, akamwekea mikononi. Watu walinyamaza kimya kabisa. Mimi nyuma huku moyo ulinienda mbio, nikasema sasa mtoto atacheka, ameharibu. Hakucheka. Aliinua macho taratibu kama mzee anayeinua macho, akamwangalia yule bibi, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama. Akanywa. Akamrudishia bakuli kwa mikono miwili. Halafu akamuuliza: "Na wewe ulimpoteza?" Bibi akaitikia kwa kichwa. Igizo likaendelea, na halikuwa tena igizo la mradi.

Huyo ndiye mtu aliyeulizwa ana wafuasi wangapi.

Na neno lenyewe linaniuma kwa sababu huku kwetu mfuasi tunamjua. Nendeni Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Kuna makundi mawili yanayoshindana: Bagalu wanacheza upande huu, Bagika upande ule, muda ule ule, ngoma kwa ngoma. Hakuna majaji wanaoinua vibao. Watu wenyewe wanahama. Kundi hili likitoa jambo la kushangaza, la nyoka au la fisi, umati unakimbilia huku, na kundi la pili linaona uwanja wake unakauka na linajua halina budi kufanya kitu sasa hivi. Mfuasi ni yule aliyenyanyua miguu yake akaja kwako kwa sababu ya ulichokifanya mbele ya macho yake. Wazee walipima wasanii hivyo kabla sijazaliwa. Kama mnataka kuhesabu wafuasi, mpelekeni mtoto uwanjani mhesabu hivyo.

Nitawapa upande wa pili haki yao, ingawa sipendi. Prodyuza ana mkopo, ana kamera za kukodi, anatakiwa ahakikishe watu wataangalia. Mwenye wafuasi laki tano anakuja na tangazo lake mwenyewe. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu wa jukwaani akiwekwa mbele ya kamera mara ya kwanza anapiga kelele. Amezoea kumfikia mtu wa mwisho pale mchangani, kumbe kamera iko hatua mbili kutoka usoni kwake na inaona hadi kope ikitikisika. Lazima afundishwe kupunguza. Lakini hilo mwongozaji mzuri humfundisha mtu kwa wiki chache akiwa na cha kupunguza. Yule ambaye hajawahi kukaa ndani ya mtu mwingine hata dakika kumi, utampunguzia nini? Ndiyo maana tunaangalia tamthilia mtu amefiwa na mama yake na kope za kubandika hazijalowa.

Halafu tunapenda mno kumtaja Lupita Nyong'o. Kila aliyepata Oscar hapa Afrika Mashariki ni wetu sote, na yule kwao Kisumu, upande mwingine wa ziwa hili hili. Picha ya mwaka 2014 ameshika tuzo kila mtu anayo. Miaka iliyotangulia hakuna anayeisema. Alipanda jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akacheza Juliet wa Shakespeare. Akafanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za wengine. Mwaka 2009 akaonekana kwenye tamthilia ya vijana na UKIMWI iliyopigwa Nairobi. Akaenda Yale kusoma uigizaji, na huko mwaka ule ule wa 2009 akawa mwigizaji wa akiba katika igizo la Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Mwigizaji wa akiba, jamani. Unakariri maneno yote, unajua kila hatua, unakaa nyuma ya pazia usiku baada ya usiku ukisubiri kama kuna mtu ataugua. Kutoka Juliet mpaka tuzo ni miaka kama 17. Na alipokuwa nayo kabatini, mlango wowote ungemfungukia, alirudi New York mwaka 2015 akacheza igizo lile lile, safari hii yeye ndiye akiwa mbele ya watu.

Najua mtaniambia baba yake ni mtu mkubwa Kenya na Yale si Igoma. Sawa. Lakini baba hakukariri yale maneno kwa niaba yake.

Na wa kwetu kabisa, marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga hapo jirani. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, ana miaka 28 tu, nilifunga cherehani siku hiyo. Wengi wanakumbuka filamu na makava ya diski. Mimi namkumbuka tangu Kaole, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi zima la watu waliokuwa wakifanya mazoezi pamoja na kutokea kwenye runinga kila wiki. Mle ndani ukikosea ulikosea mbele ya waliokuzidi, na wiki ijayo ulirudi tena. Mashine ya namna hiyo tuliiacha ife, na sasa tunamtafuta staa kwenye simu.

Ya ukumbi siyaongezi sana. Kumbi zote ninazozijua Mwanza hii zimejengwa kwa harusi na sendofu. Tumejenga daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo mpaka Busisi, na nimevuka juu yake nikalia kwa furaha, maana kivuko kile kilinitesa. Mji unaojenga daraja kama lile unaweza kujenga jukwaa moja lenye taa na viti.

Wazazi nao. Dada yangu bado anaamini sanaa ni uhuni, na usiku ule wa Jumanne alisema "si nilikuambia" kabla mtoto hajavua viatu. Dada, ukisoma hapa, nakuomba usimwambie tena hivyo.

Maana hicho ndicho ninachokiogopa hasa. Siogopi akose nafasi moja. Ninaogopa aamini lile swali. Jumatano nilimkuta uani, amekaa kwenye ndoo, anajirekodi na simu anaigiza mama mkwe mchoyo, kanga kichwani, sauti ya kubana pua. Anataka wafuasi. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Shingo ile haikuwepo, bega lile halikuwepo. Alikuwa anafanya kile ambacho kila mtu anafanya, na alikuwa anakifanya haraka haraka, anaangalia skrini badala ya kuangalia mtu.

Nikamwambia: "Baba, yule bibi wa maji hana simu ya kukufuata."

Hakujibu. Alikaa muda, akaifuta ile video, akaingia ndani.

Nyie mnaokaa kwenye meza zile, mtu akija kutoka mbali, mpeni zile dakika nne. Ulizeni baadaye mnachotaka kuuliza. Mwambieni hafai, kama hafai, lakini awe amefungua mfuko wake kwanza.

Mwezi unakua. Jumamosi kundi linavuka kutoka Nyakaliro kwenda Kome, na jana jioni alikuja kuniuliza kama koti liko tayari. Nimelifua, limekauka. Bado kifungo kimoja, cha juu, na mkono wa kushoto nataka niurefushe kidogo ili bega lile likishuka vidole visionekane.