Kabla ya kumfukuza muuguzi, tazameni kopo

Huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, muuguzi wa kituo kimoja cha afya amesimamishwa kazi kwa kumpa mtoto siropo ya parasetamoli mara mbili ya kipimo chake. Mtoto ni mzima. Mtaani wengi wanasema afadhali aende, na siwalaumu: hakumpima mtoto uzito, hakusoma chupa. Kusoma chupa hakungoji bajeti ya Kinshasa.

Ila chupa yenyewe niliiona. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa na miligramu 120 kwa mililita 5. Hii imetoka dipo nyingine ya dawa, maana ya kwanza iliishiwa, nayo ina 250. Rangi ileile, kijiko kilekile. "Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni": maneno hayo yamemkaa mdomoni miaka. Na alikuwa peke yake. Anapokea wagonjwa, anaandika dawa, anahesabu vidonge kutoka kopo la 1,000 na kuvitia kwenye kimfuko, pesa anashika yeye. Nani angemwambia "subiri"?

Kopo hilo ndilo linaloninyima usingizi. Likiisha hujazwa dawa nyingine, jina la zamani likabaki ubavuni. Na hata likiwa jipya, na muuguzi akasoma? Mwaka 2015, kule mkoa wa Ituri, mamia ya watu walifikishwa hospitalini shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe vidonge vya kopo lililoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Aliyevigawa alisoma vizuri sana. Lebo ndiyo ilimdanganya. Hapo angefukuzwa nani?

Wanaotaka adhabu wana hoja moja isiyokwepeka. Vituo vingi vinaishi kwa mauzo ya dawa, basi mwenye malaria ya kawaida anatoka na sindano, vitamini na antibiotiki juu yake, na kila dawa ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea. Hapo muuguzi hakosei kwa bahati mbaya, anajua. Lakini yuko muuguzi ambaye mshahara wa serikali hajauona hata siku moja, na watoto wake wanataka kula kila jioni.

Juzi nilimuuliza mwenzake aliyebaki, sasa anayefanya zamu mbili, kama naye amewahi kukosea kipimo. Akatazama mlango kwanza.

"Mimi? Hapana," akasema.