Vichocheo vya metali katika betri za lithiamu-hewa: volti imeshuka, oksijeni iko wapi?

Betri ya lithiamu-hewa inapotoa umeme, lithiamu huungana na oksijeni ndani ya kathodi (elektrodi chanya) yenye vinyweleo na kuacha humo peroksidi ya lithiamu, mango isiyopitisha umeme vizuri. Volti ya kinadharia ni 2.96. Kathodi ya kaboni tupu hutoa umeme kwa volti 2.7 hivi, ila kuichaji kwahitaji zaidi ya 4, na karibu theluthi ya nishati unayoingiza hupotea. Hapo ndipo platini, dhahabu na rutheni zilipoitwa kusaidia kama vichocheo, ili peroksidi ivunjike na oksijeni irudi kwa volti ndogo zaidi.

Wanaozitetea wana hoja. Volti ya kuchaji ikishuka, kaboni na elektroliti (kimiminika kinachopitisha ioni kati ya elektrodi) huungua polepole zaidi. Mwaka 2012 kundi la mwanakemia Peter Bruce liliweka dhahabu yenye vitundu mahali pa kaboni, pamoja na kiyeyusho cha DMSO (dimethili sulfoksidi), na uwezo ukabaki asilimia 95 baada ya mizunguko 100 ya kuchaji na kutumia. Sawa, lakini elektrodi nzima ya dhahabu ni nzito, na betri hii hutafutwa kwa wepesi wake.

Hoja ya wanaozipinga metali hizi inanishawishi zaidi. Kichocheo hufanya kazi kwa mguso. Hapa kinachopaswa kuvunjwa ni mango iliyoganda. Sehemu inayoigusa metali ikishaondoka, iliyobaki haifikiwi. Kinachoendelea kuigusa metali ni elektroliti. Mwaka 2011 mtafiti wa betri McCloskey na wenzake walipima gesi wakati wa kuchaji: katika viyeyusho vya kaboneti, volti iliyopunguzwa na vichocheo ilitokana na kuvunjwa kwa mabaki ya kiyeyusho, na kilichotoka ni kaboni dioksaidi. Katika DME, kiyeyusho cha aina ya etha, vichocheo havikuleta nafuu ya maana.

Kwa hiyo mchoro wa volti peke yake usikutoshe. Peroksidi huvunjwa kwa elektroni 2 kwa kila molekuli ya oksijeni, yaani kila mAh 1 (miliampea-saa, kipimo cha chaji) irudishe mikromoli 18.7 za oksijeni. Kathodi yenye miligramu 0.5 za kaboni kwa sentimita ya mraba, ikichajiwa hadi kikomo cha mAh 1,000 kwa gramu ya kaboni, irudishe mikromoli 9.3. Zikitoka 6, kuna kitu kingine kinachoungua. Kikomo chenyewe huficha uchakavu, maana hiyo ni mAh 0.5 tu kwa sentimita ya mraba, ilhali elektrodi za lithiamu-ioni za sokoni hubeba 3 au 4.

Kausha kathodi kwa nyuzi 120 za Selsiasi ndani ya ombwe, maji katika elektroliti yasizidi ppm 20 (sehemu 20 kwa milioni), na uepuke kigundishi cha plastiki kiitwacho PVDF, kwani peroksidi hukishambulia. Kisha chaji seli ya pili ndani ya gesi ya agoni bila kuitumia kwanza, ili isiwe na peroksidi ya kuvunja. Mkondo ukipita kwenye volti ileile, metali yako inavunja elektroliti.

Platini ningeiacha kabisa. Rutheni yastahili kupimwa, mradi gesi ihesabiwe. Vibeba elektroni vinavyoyeyuka, kama kemikali iitwayo TTF, huifikia mango pale metali isipofika, ila visipozuiwa kwa utando huogelea hadi kwenye lithiamu na kuitafuna.