Vijiji vya Molina de Aragón Havikuwa Vitupu

Wahispania wengi wanaozungumzia maeneo kama Molina de Aragón, mji mdogo wa mkoa wa Guadalajara, na vijiji vinavyouzunguka, siku hizi husema "España vaciada", yaani Hispania iliyoondolewa watu wake, badala ya kusema Hispania tupu. Naona wana haki, kwa sababu kitu kitupu huenda hakikuwahi kujaa, ilhali kilichomwagwa kina aliyekimwaga.

Ni kweli kwamba nchi hiyo ni ngumu. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na tarehe 28 Januari 1952 baridi ilifikia nyuzi 28.2 chini ya sifuri. Hata hivyo, katika baridi hiyohiyo watu wa Molina walijenga ngome kubwa, wakachunga kondoo waliowapeleka kusini kila majira ya baridi, na wakagema utomvu wa misonobari. Hata madini ya aragonaiti, ambayo matumbawe ya pwani yetu hujengea mifupa yao, yalipewa jina kutokana na mji huu. Kilichobadilika katika miaka ya 1950 na 1960 si hali ya hewa, bali ni viwanda vya miji mikubwa vilivyowavuta vijana; kisha shule zikakosa watoto, zikafungwa, na kufungwa kwake kukawaondoa wazazi waliokuwa wamebaki.

Msitu usio na mchungaji wala mgema hurundika majani makavu na vichaka. Julai 2005, moto wa kuchomea nyama uliowashwa na watu waliokwenda kupumzika karibu na Riba de Saelices, magharibi mwa Molina, uliteketeza takriban hekta 13,000 na kuua watu 11 wa kikosi cha kuzima moto. Moto ule uliwashwa na mikono ya wageni, lakini naamini kwamba kuachwa kwa misitu kuliuongezea nguvu, na vifo vile vinaniuma kila ninapovikumbuka.

Mwaka 2021 jimbo la Castilla-La Mancha, ambamo mkoa wa Guadalajara umo, lilipitisha sheria inayowapa nafuu ya kodi wakazi wa maeneo yanayopoteza watu. Naiunga mkono, ila ningetanguliza mwalimu na daktari, kwa kuwa mzazi anayefikiria kuhamia Checa au Orea, vijiji vya eneo la Molina, ataulizia kwanza mtoto wake atasoma wapi, na akiugua usiku wa theluji atatibiwa na nani.