Uhuru wa Constantia Ulianzia kwenye Unga

Riwaya ya Ormond, iliyoandikwa na Charles Brockden Brown na kuchapishwa mwaka 1799, husifiwa kwa vyama vyake vya siri na mhusika wake mwenye ndoto za kupindua tawala za dunia. Mimi kilichonishika zaidi ni unga wa mahindi.

Constantia Dudley, shujaa wa riwaya, yuko Philadelphia, Marekani, mwaka 1793, homa ya manjano inapoua watu wapatao 5,000 katika mji wenye wakazi 50,000 hivi. Baba yake amefilisiwa na msaidizi laghai, kisha akapofuka. Wenye uwezo wamekimbia mji, na ushonaji uliokuwa ukiwalisha umekosa wateja. Binti huyu anapiga hesabu: busheli moja (kipimo cha lita 35 hivi) ya unga wa mahindi huuzwa senti 90, na kwa chumvi tu, pasipo kitoweo, hutosha kumlisha mtu mmoja miezi minne. Ni mlo ambao sisi tungeuita ugali mkavu. Wanaula yeye, baba yake na msichana wao wa kazi, na wanavuka.

Bila hesabu hiyo, jibu lake kwa Balfour lisingekuwa na uzito. Mfanyabiashara huyo aliyemwokoa mikononi mwa wahuni analeta posa, na Constantia, katikati ya ufukara, anaikataa, kwa sababu anajua kwamba leo angalau jasho lake ni lake, ilhali akiolewa hatakuwa na mali yoyote na yeye mwenyewe atakuwa mali ya mwingine. Hivyo ndivyo sheria ya ndoa ilivyokuwa, na sijui ukurasa mwingine wa wakati ule unaoitamka kwa uwazi kiasi hicho.

Ndipo anaingia Ormond, yule mwenye ndoto za kupindua tawala. Hujipaka masizi, akajifanya msafishaji wa dohani, akaingia nyumba za watu na kuchungulia siri zao. Anamfahamu Constantia kabla Constantia hajamfahamu yeye. Mwaka 1798 wahubiri wa New England walikuwa wakitahadharisha waumini juu ya njama za Illuminati, chama cha siri kutoka Ulaya, na Bunge la Marekani likapitisha sheria dhidi ya uchochezi. Wengi walihofia kwamba serikali yao changa ingepinduliwa kwa siri. Brown aliichukua hofu ileile akaileta chumbani kwa mwanamke, na naona alikuwa sahihi: anayetaka kutawala watu kwa siri hataona ajabu kummiliki mmoja wao kwa siri. Helena, hawara aliyejiua Ormond alipomwacha, alikwisha kulionyesha hilo.

Nasikitika tu kwamba Martinette, mhusika mwingine, aliyevaa mavazi ya kiume akapigana katika vita vya uhuru wa Marekani, anapewa kurasa chache kisha anatoweka.

Mwishowe Ormond anapanga kifo cha baba, kisha anamvizia binti katika nyumba ya upweke huko New Jersey, akikusudia kumbaka. Constantia anamuua kwa kisu kidogo cha kuchongea kalamu. Wakati huo New Jersey ilimruhusu mwanamke asiye na mume, mwenye mali ya kutosha, kupiga kura, haki iliyofutwa mwaka 1807. Constantia hana mume, na Helena amemwachia nyumba kwa wosia. Angestahili kura hiyo, lakini anapanda meli na rafiki yake Sophia, kwenda kuishi Uingereza.